Waiteni Wana Wenu kwa Majina ya Kuzaliwa

"Siku za kukamata vijana na kuwapeleka vitani ziliondoka na Mwingereza. Hapa Bwera hazitarudi tena."

Maneno hayo bado hayajapoa. Ameyasema Chifu Asanasio hapa hapa niliposimama, kabla hajaketi na kufuta jasho, nanyi mkampigia makofi. Mheshimiwa mgeni rasmi uliyetoka makao ya wilaya; Afande, mkuu wa kikosi; Padre wetu na Mchungaji wetu, ambao leo mmekubali kukaa benchi moja; Chifu Asanasio, unayetuaga baada ya utumishi mrefu; wazee wa muluka, kata yetu hii; akina mama; ndugu zetu wafanyabiashara mliovuka mpaka kutoka Beni na Butembo; nanyi vijana mnaopigwa na jua kwa sababu turubai limejaa wazee: nawasalimu wote kwa heshima. Lakini makofi yale sikuyapiga. Niliikalia mikono yangu, na naomba mniruhusu niseme kwa nini.

Mmeniita mimi, mwalimu Maate, nimsifu chifu, nami nitamsifu, kwa maana sifa anazo. Barabara ya Mpondwe ilikuwa matope mpaka magotini. Ni yeye aliyetutoa vitandani na majembe begani, huku tukimtukana, na leo malori ya kahawa yanapita. Ule mwaka jua lilipochoma mihogo, alifungua ghala lake mwenyewe. Na ana kipaji ambacho chifu aliyemtangulia hakuwa nacho: anazijua nyumba zetu zote kwa majina, kichwani, bila kuandika chochote.

Ndugu zetu wa Beni, desturi hii ni yenu pia, kwa hiyo nisameheni. Namweleza Afande na mgeni rasmi. Kwetu jina la mtoto linasema alizaliwa wa ngapi kwa mama yake. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Kathembo. Ukipita njiani ukamsikia mama akiita, "Kathembo, rudisha mbuzi!" umekwisha kujua kwamba mama huyo amezaa wavulana watano. Serikali gani imewahi kuhesabu watu vizuri kuliko mama zetu?

Basi sikilizeni hesabu hiyo ilivyotumika. Mwaka wa arobaini na moja Mwingereza alitaka askari wa Keya, jeshi lake la Waafrika. Mnapenda kusimulia kwamba alikuja kukamata. Hakukamata mtu. Aliuliza tu, kisha akaenda kunywa chai. Waliokaa na kuamua ni wazee wetu, na uamuzi wao ulionekana wa haki kabisa: kila nyumba yenye Bwambale, imtoe Bwambale. Kulipokucha, katika nyumba za waliobatizwa hapakuwa na Bwambale hata mmoja. Palikuwa na Yeseri, palikuwa na Blasio. Lile jina la nyumbani lilikuwa limemezwa pamoja na uji wa asubuhi.

Kaka yangu Yeseri, yule pale mwenye koti la kijivu, alizaliwa Bwambale. Nilikuwa mdogo, nikamwita hivyo uwanjani. Mama alinizaba kofi nikaona nyota mchana. "Ita tena jina hilo nje, nikutie pilipili mdomoni!" Kaka yangu alibaki, akaoa, akafungua duka ambalo nyote mnalijua. Waliokwenda walikuwa akina Bwambale wa juu mlimani, ambao Padre alikuwa hajawafikia na ambao hawakuwa na jina la pili la kujifunika. Mmoja wao alikuwa kaka yake Naome, mama wa kule kule mlimani. Alifia Burma, na hakuna aliyetuambia amelala wapi.

Sasa tuje kwenye mwaka huu. Vita hivi vya mlimani, kati ya jeshi na waasi, vimeingia mwaka wa saba. Nimesoma habari za vita vya nchi nyingi, vya wazungu na vya weusi, na nimeona jambo moja: vita vikirefuka, wenye hamu ya kupigana huisha kwanza. Kisha hutafutwa wasio na hamu. Kisha hutafutwa wasio na mtu wa kuwasemea. Hapo hahitajiki Mwingereza, wala sheria, wala tangazo la redio. Wanatosha wazee wachache na kibuyu cha tonto, pombe yetu ya ndizi.

Afande, mimi sikulaumu. Uliuliza kwa adabu: nani atatubebea mizigo na kutuonyesha njia za mlimani? Uliuliza kama yule wa kwanza alivyouliza. Wazee wakakaa tena, na uamuzi ukawa wa haki tena: nyumba yenye wavulana watano haitapungukiwa ikimtoa mmoja, basi penye Kathembo, aende Kathembo. Na leo Chifu Asanasio anakwambia mbele ya umati huu kwamba vijana hao wamejitolea.

Nilikuwepo Kathembo wa Naome alipopata habari kwamba amejitolea. Nilikuwa nimepanda kwao kuazima panga. Kijana anapalilia kahawa, akatokea Danieri, mjumbe wa chifu, anahema kwa kilima.

"Weye Kathembo, pongezi! Umejitolea."

"Nimejitolea kitu gani, muzee?"

"Kubeba mizigo ya jeshi. Jumatatu asubuhi uko mbele ya kituo."

"Nani alisema?"

"Jina lako ndiyo imesema."

Naome akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakulia, hakupiga kelele. Akamshika Danieri mkono kama mtu anayemwongoza mgeni mezani, akampeleka nyuma ya nyumba, penye migomba.

"Kuja unihesabie hao watano. Baluku iko chini ya ule mugomba. Bwambale iko pembeni yake. Surua ndiyo ilimubeba. Masereka na Kule beko pale kwa jiwe, wote wiki moja. Mwenye anapumua ni huyu mumoja. Sasa sema, Danieri: nyumba yangu iko na watano?"

Danieri akaangalia viatu vyake. "Mama, miye natumwa tu. Wazee walisema Kathembo. Hawakusema makaburi."

Mnacheka? Hata mimi nilitaka kucheka, nikashindwa. Tumewahesabu maiti. Tumechukua hesabu ya tumbo la mama, ambayo alizika sehemu kubwa yake kwa mikono yake, tukamwambia kwamba ana wana wa kutosha. Hakuna mzee hata mmoja aliyepanda kilima kile kutazama kama hao watano wapo. Kwa nini apande? Jina lilitosha.

Na akina Kathembo wa huku chini wako wapi? Naona Blasio ananikonyeza ninyamaze. Konyeza, mzee wangu, jicho ni lako. Pasaka hii Padre alifurahi kuona wazazi wamejaa kanisani, wanaleta vijana wenye ndevu kubatizwa, na kila mzazi anamnong'oneza: "Padre, jina la nyumbani usilitaje." Padre alidhani ni Roho Mtakatifu. Wengine wana wao wamepata kazi kwenye machimbo ya shaba Kilembe, ghafla, katika mwezi mmoja. Wengine wamekwenda Nyakiyumbu kumsaidia shangazi ambaye mwaka jana hawakumjua. Sijasikia amri yoyote kutoka Kampala. Sijaona sheria. Lakini nasikia majina yakibadilika midomoni mwenu, na hilo linanitosha. Mtu hafichi mwanawe penye hiari.

Kwa hiyo, Chifu Asanasio, hukusema uongo wote. Kukamata hakutarudi, kwa sababu kumekwisha kurudi, na kumelala kwako, na kumekula kwako.

Naona haya kusimama hapa. Nimefundisha watoto wa muluka huu kusoma, nikajidanganya kwamba mtu akijua kusoma hatafanya tena walilofanya baba zetu. Ninyi mliosoma ndio mliojua kwa haraka zaidi jina lipi lifichwe na lipi litolewe. Naona haya kwa ajili ya kaka yangu, ambaye kila Jumapili hupita mbele ya Naome akisalimia kwa kuinua kofia, wala hajawahi kusimama. Na ninaona haya zaidi kwa jambo hili: iliposemwa kwamba kila nyumba ilete kitu cha kumuaga chifu, Naome naye alishuka na kitu. Yule kuku mweupe aliyefungwa miguu kati ya zawadi ni wake. Mama mwenyewe yuko pale nyuma, amesimama. Hakuna aliyempa nafasi kwenye benchi. Tutamlaje kuku yule?

Basi nasema na watu watatu tu.

Danieri: wewe umeyaona makaburi. Jumatatu usimpelekee mtu pongezi.

Yeseri, kaka yangu: ulikunywa uji wa amani miaka yote hii kwa sababu Bwambale wa watu wengine alikwenda. Inuka, umpe dada yake kiti chako.

Na wewe, Chifu Asanasio. Utakabidhi kofia yako jioni. Mpaka hapo ungali chifu, na Afande anakusikiliza. Kijana wako yule mtanashati anayefanya kazi Kilembe, ambaye leo ameomba ruhusa aje kukuaga, ambaye sote tunamwita Hilaire: mama yake alimzaa wa ngapi? Sikuombi umtoe. Sitamani kumwona mwana wa mtu yeyote akipanda mlima ule na mzigo wa risasi mgongoni. Nakuomba umtaje. Simama, umwite kwa jina la kuzaliwa, kwa sauti ile ile uliyotumia kutuamsha tulime barabara, Afande akisikia na Naome akisikia. Ukishalisema jina hilo, utajua mwenyewe la kumwambia Afande kuhusu hao waliojitolea.

Mmenipa masikio yenu kwa muda mrefu kuliko mlivyopenda, na ninawashukuru kwa dhati. Nimemaliza. Lakini siketi, Chifu. Nasubiri kusikia jina.