Maji Yagongane

Mama aliyeketi mbele yangu kwenye basi alikuwa amepakata pampu mbili ndogo za tangi la samaki. Fundi bomba aliyekaa kando yake, ambaye alishamwambia kondakta amshushe sokoni, alishindwa kuvumilia.

"Dada, tangi la samaki pampu moja kubwa inatosha."

"Ni la maji chumvi, kaka, lina matumbawe. Nazifunga zitazamane, maji yagongane katikati."

Fundi alimgeukia kama mtu aliyetukanwa kwa upole. "Miaka ishirini nazuia maji yasigongane."

"Hayo ya mabomba. Matumbawe hayatembei, chakula yanaletewa na maji. Maji yakipita upande mmoja tu, matumbawe ya upande wa pili yanakufa njaa."

"Na chujio?"

"Mawe yaliyomo tangini ndiyo chujio, yamejaa vijidudu vinavyokula uchafu. Mume wangu, mtu msafi, akayasugua kwa sabuni. Nikazika samaki sita. Safari hii hanigusii kitu."

"Kwenye sabuni alikosea," fundi alikubali, "lakini pampu ni moja."

"Mbili."

Basi likasimama. Mama akashuka na pampu zake, fundi nyuma yake, bado anachora mabomba hewani. Sokoni tulishapapita, vituo viwili nyuma.