Nilimsahihisha Mke Wangu Akiomba

Bwana apewe sifa zote, ndugu zangu, na leo nisimnyang'anye hata moja!

Mnanijua: mwalimu wa Lushebere, mwenye lisansi ya chuo kikuu, mwandishi wa makala zilizosomwa na mke wangu peke yake. Nyumbani nilitaka kuitwa Profesere. Wageni wakisifu chakula, nilieleza jinsi nilivyojua kuchagua mke. Asubuhi moja Mama Furaha, mke wangu, alikuwa amepiga magoti: "Mungu, njo weye muzuri…" Nikamkatiza: "Sema, ndiwe mwema." Ndugu zangu, akiwa anaongea na Mungu! Aliinuka kabla ya amina. Kesho yake alifunga vitambaa vyake, akarudi kwa wazazi wake Itebero.

Nilimwona mkosefu. Kisha shuleni wakatuletea semina ya afya ya akili. Mwanasaikolojia, mama mpole, alieleza ugonjwa wa haiba uitwao narsisizimu: mtu ana kiu ya kusifiwa isiyokwisha, haoni maumivu ya wengine, na ndani amefukia aibu asiyotaka iguswe. Nikaandika haraka majina ya watu saba ninaowafahamu. Nikamwonyesha.

"Papa, umesahau mumoja," akasema.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamuuliza kama mimi ni mgonjwa.

"Sipimi muntu kwa dakika kumi. Lakini kwako, nani anaogopa kusema mbele yako?"

Nililia, ndugu zangu! Nikapanda pikipiki hadi barabara ilipokataa, nikamalizia msitu kwa miguu, hotuba ya kurasa sita mfukoni. Niliwasimulia wakwe habari ya yule mwanasaikolojia; nilipoitoa hotuba, Mama Furaha akauliza: "Profesere, unakuya kuomba musamaha ao kupigiwa makofi?"

Wakwe walicheka mpaka kuku wakakimbia. Nikakunja karatasi. Nikasema tu: "Nilikuumiza."

"Ile njo nilikuwa nangoja," akasema. "Lakini sirudi leo. Wende kwa ule mama kila wiki. Nitaangalia."

Mwanamke gani huyu! Hakunitukana, wala hakunidanganya kwamba nimeshapona. Walimu wangu wote wa chuo hawakuwahi kunisoma vizuri hivyo.

Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Naenda kila wiki, na huu ni mwezi wa nne tangu nianze. Sijapona kabisa: ushuhuda huu nimeufanyia mazoezi mara tatu mbele ya kioo. Lakini jana Mama Furaha alipanda kilima kutafuta rezo ya simu, akanipigia, akaongea nusu saa kuhusu mihogo ya mama yake. Nikasikiliza mpaka mwisho!

Mtegemeeni Bwana, ndugu zangu. Kama ameweza kunifunga mimi mdomo, hakuna nyumba itakayomshinda.