Neno Nililolisema kwa Spika Juu ya Refa Swaumu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Shehe Abdulrazaq uliyetufungulia kwa dua fupi, Mungu akuzidishie. Viongozi wa Ligi yetu ya Bonde. Waamuzi mliozoea kusimama na leo mmepewa viti. Makocha wenzangu mliozoea viti na leo mmekosa. Na nyie mliojazana madirishani mkidhani humu ndani kuna pilau. Habari zenu ni sahihi, lakini mimi ndiye niliyewekwa mbele yake. Assalaam aleykum.

Naitwa Mfaume, kocha wa Mlau FC ya Nyambele. Najua wapo wanaoshangaa kuniona nimesimama kumuaga mwamuzi. Hata mke wangu jana, aliponikuta napiga pasi kanzu, aliniuliza, "Unakwenda kumuaga, au unakwenda kuhakikisha anaondoka kweli?" Bi Swaumu amepuliza filimbi katika bonde hili miaka kumi na tisa, sasa amestaafu, na keshokutwa anahamia Mtwara kwa mwanawe. Mimi nina jambo la kumwambia mbele ya watu, na limenikaa kooni miaka sita. Kila nikikutana naye namsalimia, naulizia watoto, naulizia mvua, napita zangu. Leo mvua zimekwisha kuuliziwa. Nimeomba dakika kumi; mshereheshaji amenipa saba, maana ananifahamu.

Ndugu zangu, tuanze na ukweli. Miaka sita iliyopita, ligi hii ilipoanza, makocha tuliitwa hapa hapa Kibiti kwa semina ya sheria za mpira. Msomaji wa sheria alikuwa Bi Swaumu. Sheria ni kumi na saba, na alizisoma zote kwa dakika arobaini, kwa kasi ya mtu anayekimbiza kuku. Alipofika ya kumi na nne, nje sufuria lilifunuliwa. Harufu iliingia, akili zikatoka. Mwishoni akauliza, "Mmeelewa?" Tukaitika kwa sauti moja, "Tumeelewaaa!" Akauliza, "Kuna swali?" Sasa niambieni nyie, katika bonde hili lote, ni nani aliyewahi kuinua mkono kuuliza swali sufuria likiwa limeshafunuliwa? Mimi nilikuwa nalo. Kocha Hemedy wa Chumbi, huyo hapo anacheka, alinifinya paja mpaka likaniruka. Tukasaini karatasi kwamba tumefundishwa, tukala, tukarudi makwetu wajinga wenye vyeti.

Kwetu Nyambele uwanja uko kando ya tawi la mto, na mshambuliaji wetu Sadala ndiye pia mvushaji wa mtumbwi. Miaka yote ya ndondo, kabla ya ligi hii, mtu akiita ng'ambo, Sadala alitoka uwanjani, akavusha, akarudi kuendelea na mechi. Hakuna aliyeona ajabu. Tena wapinzani walifurahi, maana hizo ndizo dakika walizopumua.

Ikaja nusu fainali na Chumbi. Dakika ya sabini, hakuna bao. Ng'ambo akatokea Bi Kijakazi, anatoka harusini, ana sinia kichwani, anapaza sauti: "Sadala! Utaniacha huku mpaka nizeeke?" Ndugu zangu, Bi Kijakazi si abiria wa kawaida. Ni mama mkwe wake Sadala. Naomba mwanamume yeyote humu ndani aliyewahi kumngojesha mkwe kwa sababu ya mpira ainue mkono. Mnaona? Hata Shehe hakuinua.

Sadala akatoka mbio. Akamvusha mkwe, akambebea na sinia mpaka kivulini, akarudi, miguu imelowa mpaka magotini, akaingilia nyuma ya mabeki wa Chumbi waliokwisha kumsahau. Mpira ukamfikia. Bao! Nyambele nzima ikaingia uwanjani, na mbuzi wawili.

Kisha ikasikika filimbi. Bi Swaumu akalikataa bao. Akamwita Sadala, akamwonyesha kadi ya njano kwa kutoka bila ruhusa ya mwamuzi. Kabla hajaishusha vizuri, akamwonyesha njano ya pili kwa kurudi bila ruhusa. Halafu nyekundu. Mtu kamvusha mkwe wake, kalipwa kadi tatu! Sadala aliniuliza, "Kocha, na ya mtumbwi ipo?"

Hapo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndipo nilipofanya nililolifanya. Nilimnyang'anya mtangazaji wa uwanja kipaza sauti, na kwa spika mbili zilizosikika mpaka mashambani nikasema, "Refa huyu amekula mchele wa Chumbi! Magunia mawili!" Nikaitoa timu yangu uwanjani. Sikuwa na ushahidi wa hata punje moja. Nilikuwa na hasira tu, na kipaza sauti.

Mnajua kilichofuata. Kutoa timu uwanjani, adhabu yake ilikuwa kufungiwa misimu miwili. Misimu miwili, kwa vijana ishirini na wawili ambao Jumamosi hawana pengine pa kwenda! Nikaitwa mbele ya kamati. Nilikwenda nimejiandaa kugombana, nimekariri mpaka methali. Bi Swaumu akasimama kabla yangu. Nilijua kwamba leo ananimaliza.

Alisema, na nayakumbuka maneno yake kama yalivyotoka: "Kadi zinabaki, bao halipo, na Mlau wamepoteza mchezo. Lakini msiwafungie. Kocha huyu sheria ile alikuwa haijui, na wa kumjulisha nilikuwa mimi. Niliwauliza kama wameelewa, wakaniitikia, nikaridhika. Ningemwambia mmoja tu anirudishie, ningegundua siku ile ile kwamba sikufundisha kitu."

Kamati ikamkubalia. Mimi methali zangu zote ziliniyeyuka. Timu ikapona. Na mimi, ndugu zangu, sikusema hata ahsante. Nilitoka nimeinua kichwa kana kwamba nimeshinda kesi.

Msimu uliofuata, Bi Swaumu akaiacha ile semina ya ukumbini, akaja viwanjani mwetu mmoja mmoja. Kwetu alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akamwita Sadala. Kitabu hakukifungua. Akamuuliza, "Kwa mkwe wako unaingiaje?" Sadala akasema, "Napiga hodi, nangoja nikaribishwe." "Na ukitaka kuondoka?" "Naaga kwanza. Nikiondoka kimya, yatazuka maneno." Bi Swaumu akasema, "Basi na uwanjani hivyo hivyo. Mwenye nyumba ni mwamuzi." Kwisha. Sheria ambayo mimi nilikuwa nimeisaini na kuilia pilau, Sadala aliielewa kabla jasho halijamkauka.

Wala hakuishia hapo. Mshenga, kabla hajaondoka kwenda kuposa, si huambiwa arudie maneno aliyotumwa, yasije yakafika mengine? Alitufanya vivyo hivyo makocha. Kila mmoja airudie sheria kwa maneno yake, tena kwa mtu asiyejua mpira. Mimi nilipewa mama yangu, Bi Sihaba, nimweleze kuotea. Siku ya kwanza mama alisema, "Mwanangu, kama huyo mtu katangulia kufika, si ndiye mwenye bidii?" Nikaanguka. Siku ya pili nikachora mchangani, kuku akapita juu. Siku ya tatu nikafaulu, na tangu hapo mama akisikiliza mpira redioni anasema "kaotea!" kabla ya mshika kibendera. Mwaka huu ligi nzima imekuwa na kadi nyekundu tatu tu. Na Sadala, nyote mmemwona, bado anavusha. Anakwenda kwa mwamuzi, mikono nyuma: "Refa, naomba ruhusa, mkwe anaita." Akirudi anasimama mstarini mpaka apewe ishara. Mwamuzi mmoja mgeni kutoka Ikwiriri alimuuliza kama ni mgonjwa.

Mshereheshaji, nimekuona. Nakaribia.

Mwezi uliopita nilikutana na Hafsa, binti yake Bi Swaumu, stendi. Tukacheka habari za kadi tatu. Halafu Hafsa akaacha kucheka. Akaniambia kwamba mwaka ule, baada ya maneno yangu, mama yake alikuwa akienda sokoni Ikwiriri, mpimaji wa mchele anamuuliza, "Refa, na wewe wanunua? Wa Chumbi umekwisha?" Watu wanacheka. Akaacha kununua mchele. Mwaka mzima, nyumba ile haikupika wali, ili asije mtu akaliona gunia mlangoni akasema ndilo lile. Futari bila wali. Idi, wageni wamekuja, wakaandaliwa ugali. Katika bonde hili la mpunga, jamani! Na katika mwaka huo huo, mwanamke huyu alikuwa anakaa juu ya mtumbwi kijijini kwangu, ananifundisha mimi.

Sijalala vizuri tangu siku ile. Naona aibu, na sitaki kuifunika kwa mzaha mwingine.

Bi Swaumu, mwalimu wangu. Sheria nilikuwa siijui, na hilo ulilibeba wewe. Lakini kwamba hukuhongwa, hilo nilikuwa nalijua. Nililijua nikiwa nimeshika kipaza sauti. Nilisema uongo, nikijua ni uongo, kwa sababu nilikuwa nimekataliwa bao. Hukula mchele wa Chumbi wala wa mtu yeyote. Nisamehe. Huna haja ya kunijibu hapa mbele za watu. Hata ukinijibu ukiwa Mtwara, nitangoja.

Na nyie ndugu zangu, neno langu la siku ile lilifika soko la Ikwiriri kabla mimi sijafika nyumbani. Sikuwatuma, mlilibeba wenyewe, kwa miguu, kwa bodaboda, kwa simu. Leo nawatuma. Naomba na hili mlifikishe, kwa mwendo ule ule, mpaka kwa yule mpimaji.

Nawashukuru kwa kunistahimili. Mpisheni Bi Swaumu, aanze yeye kupakuliwa pilau.