Santuri Zisizo na Majina

Kijiwe cha kahawa cha Mji Mpya kilikuwa kimechafuka tangu asubuhi. Pazi, ambaye Morogoro nzima ilimwita Vidole kwa jinsi alivyochezesha santuri, alikuwa ametimuliwa kwenye ukumbi wa kiwanda. Kiwanda kimeuzwa, ukumbi umeuzwa, na tajiri mpya kaleta DJ wa Dar na mashine za sidii. Zile za santuri zimepelekwa Dumila kupigwa bei. Pazi alikishika kikombe kwa hasira.

— Yule anabonyeza tu! Mimi santuri moja naisikiliza, nyingine naisukuma kwa kidole mpaka ngoma zikutane. Yeye anabonyeza, anakwenda kunywa soda!

— Mashine inahesabu mapigo yenyewe, Vidole, alisema Thobias fundi redio, aliyeitwa Volti. Ina akili ile.

— Akili gani? alidakia Kondo Mdomo. Mle ndani mna taa. Inawamulika wachezaji, wanakauka koo, wananunua bia za tajiri.

— Acha uongo wewe! Volti alimkatiza.

— Uongo? Kiwanda kimeuzwaje bila mtu kupinga? Si tajiri alizileta mashine zake kwanza kwa majaribio, sikukuu ya Idi? Wafanyakazi wote walishamulikwa!

Pazi hakucheka.

— Mashine tajiri atanunua. Nyimbo zangu hazipati ng'o! Kila santuri niliiloweka kwenye maji ya sabuni, nikabandua karatasi ya katikati. Ma-DJ wakija kuchungulia majina, wanakuta patupu.

— Hapo uliwakomesha! Volti alipiga paja.

Ester, mshonaji wa jirani, alifika kijiweni, akasubiri lori la kabichi za Mgeta lipite ndipo asikike.

— Shikamooni. Mzee Pazi, Jumamosi naolewa, sherehe ni palepale ukumbini. Nautaka ule wimbo wako wa kufungia disko. Ndio niliocheza na Petro mara ya kwanza.

— Marahaba. Nitakuja kuupiga mwenyewe!

— Mashine yako si imeuzwa, mzee? DJ mpya kasema nimpe jina tu, atautafuta Dar. Unaitwaje?

Pazi aliijua santuri ile kwa tone la rangi nyekundu tu alilolitia mwenyewe. Aliinunua kwa mhudumu wa treni, na kwa uchoyo wake akailoweka siku hiyohiyo, hata jina hajalisoma. Aliupiga mluzi kidogo, akakatiza. Alimgeukia Volti. Volti alikuwa anatazama kahawa yake. Kondo naye, mdomo wote ule, aliinama kufunga kamba ya kiatu.

— Mwambie... Pazi alikibamiza kikombe kwenye benchi. Mwambie ule wa rangi nyekundu!

Ester aliendelea kusubiri jina.