Marehemu na Robo Eka Yake ya Ndago

Eti marehemu alikuwa mvivu wa palizi! Kifungua mimba wangu alitaka hilo liandikwe hapa kwenye wasifu wake kama utani. Mimi mjane nimekataa, na mjukuu anayeniandikia ni shahidi. Ile robo eka haikuwa pori. Ilikuwa ndago, tena iliyopandwa kwa mistari. Wengine huiita gugu. Yeye alichimba vinundu vyake vitamu kama nazi, akavikausha, akauza sokoni kwa kopo.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa sita wa fundi viatu. Aliachishwa ziwa kwa ndago iliyosagwa, ndiyo maana anakwenda kaburini na meno thelathini na matatu, moja la ziada.

Shule alifika darasa la nne. Alipoadhibiwa kupalilia bustani ya mwalimu mkuu, aling'oa maharage yote akaacha ndago. Baba yake alipoitwa, aliitazama bustani, akasema kijana amechagua vizuri.

Kwa miaka thelathini na mmoja ofisi ya kilimo ilimlipa ang'oe ndago uani. Jioni alirudi nayo mfukoni, akaipanda kwetu. Moja aliyoisahau ofisini ilitoboa sakafu ya saruji, ikachipua chini ya kiti cha bwana shamba mkuu. Bwana shamba akaomba uhamisho.

Tulioana tarehe 12 Agosti 1971. Posa yake ilikuwa kopo la ndago kavu. Nilitafuna siku tatu bila nafasi ya kujibu, wazee wakasema kimya ni kukubali.

Februari mwaka huu figo zilimgomea, akalazwa siku kumi na tisa. Watoto, kwa kumpenda, wakaipalilia robo eka yote, wakachoma majani na vinundu. Aliporudi alisimama ukingoni na mkongojo wake, akasema, "Mmefanya kazi kubwa, wanangu." Kisha akaninong'oneza, "Bi mkubwa, usiwaambie walichochoma."

Nimenyamaza miezi minne. Leo nawaambia.

Alifariki nyumbani tarehe 30 Juni, saa moja asubuhi. Ndago ilikuwa imeota tena, urefu wa vidole vinne. Kifungua mimba anataka kuipiga dawa ya magugu leo, ili waombolezaji wakute pako safi.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja. Naomba isomwe mbele ya watu wote kwamba shamba lile lisipigwe...

Kifungua mimba ameingia, pampu ya dawa mgongoni, anauliza tumefika wapi.

Baba yake apumzike kwa amani. Sisi bado.