Mama Winnie na Sehemu Ambayo Haikuonyeshwa

Tarehe 31 Oktoba mwaka huu, baada ya miaka ishirini na nane katika chumba cha kufulia cha loji yetu hapa Mikumi, anastaafu Bi Magdalena Shilinde, ambaye hakuna anayemwita hivyo isipokuwa mhasibu. Sisi wengine tunamwita Mama Winnie. Wasifu huu umeandikwa na Anselmi, dereva. Meneja alitaka aandike Lea wa mapokezi, mwenye diploma, lakini Lea mwenyewe akasema habari za watu zinataka mtu aliyetembea, na katika loji hii aliyefika Lusaka, Lubumbashi na Dubai (uwanja wa ndege tu, lakini Dubai ni Dubai) ni mmoja.

Mama Winnie alifika Mvumi, wilayani kwetu Kilosa, akiwa msichana wa shule, wazazi wake wakiswaga ng'ombe kutoka Shinyanga. Kazi hapa aliianza enzi za karai na pasi ya mkaa. Mashine zilipokuja alizikagua kama mama mkwe anavyomkagua bibi harusi, akazikubali kwa shingo upande. Kuna mwaka nyani walianua mashuka kabla yake, dume mmoja akapanda juu ya paa la mapokezi amejifunga taulo kiunoni kama anatoka kuoga. Wageni walipiga picha. Mama Winnie alichukua ngazi, akamfuata, akarudi na taulo.

Lakini tukimwita dobi tukaishia hapo tutakuwa tumemdhulumu. Huyu ni msomaji na mtazamaji, na kwa mwaka huu peke yake ametuzidi wote. Amesoma riwaya mbili za upelelezi za Lea, amezifunika gazeti zisilowe, na kurasa za mwisho amezibana na vibanio vya nguo ili jicho lisiibe. Amesoma kitabu cha ufugaji wa nyuki kama hadithi, akaja kuniuliza yule malkia wa mwanzo alipatwa na nini, maana mwandishi kamtelekeza. Ametazama vipindi vya simba kwenye televisheni huku simba wenyewe wakinguruma ng'ambo ya mto. Nilipomcheka alinijibu, "Hawa wa nje hawana mtangazaji, nitajuaje wanagombania nini?" Nimezunguka na watalii miaka mingi, swali kama hilo sijawahi kulisikia.

Na tamthilia je! Mwaka huu ilikuwa ile ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, ya ndugu wawili wanaogombea shamba la mizeituni. Inaonyeshwa jioni, saa ambayo wengi wetu tunahudumia chakula cha wageni, kwa hiyo tunasubiri marudio ya Jumamosi au tunamsubiri yeye kesho yake. Sheria yake kila mfanyakazi mpya huijua kabla hajajua choo kilipo: anayetaka kusimuliwa ashike ncha ya pili ya shuka. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnavuta, mnakutana, mnaachana, na hadithi inakwenda hivyo hivyo. Meneja amekunja. Mkaguzi wa afya alikuja kukagua mifereji, akakunja.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mpaka leo linanikereketa.

Gabrieli, mpishi wetu, alikuwa haongei na kaka yake Yared wa Ruhembe. Miaka mitatu, kisa mpaka wa shamba la miwa waliloachiwa na baba yao. Mtoto wa Yared alipata kipaimara, Gabrieli hakwenda. Kwa hiyo tamthilia ile aliifuatilia kama mtu anayesikiliza kesi yake mwenyewe, na siku mdogo mtu alipokuwa anaelekea nyumbani kwa kaka yake, Gabrieli aliunguza maandazi kwa mawazo.

Jioni hiyo Mama Winnie aliketi kwake, muziki wa kuanzia ukalia, na kifurushi cha king'amuzi kikaisha. Skrini nyeusi. Haya nimeyasikia kwa binti yake, Winnie. Majirani walikuwa msibani, hapakuwa na pa kwenda kutazama. Katika sisi sote aliyekuwa mapumziko ni Elia peke yake, na Elia hatazami chochote ila mpira.

Asubuhi Gabrieli akashika shuka. "Haya Mama, alimfukuza?"

Mama Winnie akavuta ncha yake, akasema mdogo mtu alifika na kikapu cha mizeituni, akakuta mlango wazi, meza imeandaliwa sahani mbili, na kaka yake akamwambia, "Umechelewa, chakula kimepoa." Basi. Gabrieli aliachia shuka likaanguka sakafuni, ikabidi lifuliwe upya.

Siku yake ya mapumziko akaenda Ruhembe amebeba sufuria ya pilau. Yared akaitazama ile sufuria. "Umekuja kunitilia sumu?"

"Sumu ghali, kaka. Kula."

Wakala. Wakapatana kiasi kwamba Jumamosi Gabrieli akarudi tena, wakakaa pamoja sebuleni kwa Yared kutazama marudio. Na kwenye marudio, wapendwa, hapakuwa na meza wala sahani. Kaka mtu alimfungulia mdogo wake mbwa.

Yared akageuka. "Si ulisema walikula pamoja?"

"Mama Winnie ndiye aliyesema."

"Huyo mama ana televisheni gani?"

Jumatatu loji nzima ilikuwa imeshajua. Tuliogopa, tusidanganyane. Gabrieli akiona amefanywa mjinga, Ruhembe harudi tena, na Mama Winnie neno lake halina bei tena, zikiwa zimebaki wiki chache astaafu. Mimi nilikuwa naosha gari ambalo nilishaliosha, karibu na dirisha la chumba cha kufulia, kwa sababu za kikazi.

Gabrieli akaingia. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba."

Akashika ncha ya shuka. Wakakunja moja, la pili, la tatu. Halafu akasema, "Haya, ikaendeleaje?"

"Si uliiona Jumamosi?"

"Ile niliiona. Naulizia ya kwako. Walipomaliza kula ikawaje?"

Mama Winnie akachukua shuka jingine, akamrushia ncha. Akasema ndugu wale sasa wanagombana nani aoshe vyombo. Gabrieli akacheka mpaka nikaangusha ndoo.

Tangu hapo tamthilia zinakwenda mbili: ya kwenye televisheni na ya kwenye mashuka. Ya kwenye televisheni tunaiangalia. Ya kwenye mashuka tunaingojea.

Kinachonikereketa ni hiki: alijua ugomvi wa Ruhembe alipoitunga ile meza, au ilimtoka tu? Nimemuuliza mara nyingi, kwa mbinu zote nilizojifunza mipakani. Jibu ni lile lile: "Anselmi, wageni wako wanaungua jua kwenye gari." Nakwenda, nakuta kweli wanaungua.

Mama Winnie, menejimenti inakushukuru kwa mashuka meupe. Sisi wafanyakazi tunakushukuru kwa yaliyosemwa katikati yake. Nenda Mvumi ukapumzike, usome, utazame, uulize maswali yako yasiyo na majibu, na Mungu akupe miaka mingi yenye afya na kifurushi kisichoisha. Mizigo yako itabebwa na Yared kwa gari lake la miwa. Amejitolea mwenyewe, hataki hata ya mafuta. Amemwambia Gabrieli anataka kukaa karibu na wewe njia nzima, ana la kukuuliza kuhusu sehemu inayofuata. Mjibu, Mama, lakini mjibu taratibu, maana mwenye usukani ni yeye.