Mapipa Niliyoyafukia Kwenye Uwanja wa Gofu

Sogezeni viti, wanangu. Noreen, kaa huku mkono wangu wa kulia, nawe Curtis zima hiyo televisheni, maana pumzi iliyobaki sitaki kuigawana na watangazaji. Wakili ana karatasi zake, lakini haya nataka myasikie kwa kinywa changu.

Miaka thelathini na mmoja nilitunza nyasi za klabu ya gofu ya Tannery Hill, na watu walitoka mbali, hata mji wa Buffalo, kuja kuzikanyaga. Kila mwaka, kabla theluji haijaanguka, nilizinyunyizia dawa ya zebaki ili zisiliwe na ukungu, mikono mitupu, huku nikipiga mluzi. Dawa ile ilipopigwa marufuku, meneja akaniambia, "Leland, fukia iliyobaki nyuma ya shimo la tisa, na mdomo uufunge." Nikafukia mapipa kumi na manne. Sikulazimishwa. Nilikuwa na kazi nzuri, nanyi mlikuwa wadogo.

Jirani yetu Burdette Skaggs alipokuja kulalamika kwamba maji ya kisima chake yana ladha ya chuma, nilimjibu mbele za watu kuwa ladha hiyo ni ya pombe zake. Watu wakacheka. Hatukusemezana miaka kumi na tisa, na mama yenu alikufa bila mimi kumruhusu Burdette aingie humu kumuaga. Hilo linaniuma kuliko mapipa.

Klabu ikafungwa, magugu yakafika kiunoni, na baraza la mji likaitisha mkutano kuamua kama uwanja wote utangazwe ardhi yenye sumu, usafishwe kwanza ndipo zijengwe nyumba na bustani ya watu wote, au ni upande wa barabarani peke yake. Wataalamu walikuwa wamepima upande huo tu. Curtis, ulinivuta koti: "Baba, kaa chini! Nyumba yetu imepakana na huko nyuma. Ukisema, nani atainunua?"

Nikasimama. Nikasema, "Mimi ndiye niliyefukia sumu huko nyuma. Njooni niwaonyeshe."

Mwenyekiti, yule mama mwenye miwani, akauliza, "Mzee Prusak, una uhakika?"

"Mama, nilichimba siku tatu. Mgongo wangu unakumbuka."

Burdette akapaza sauti kutoka nyuma: "Leo umelewa wewe, Leland!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Kura zikapigwa, uwanja wote ukatangazwa ardhi yenye sumu. Kesho yake Burdette akaja na kapu la mahindi, tukayachemsha, tukala humo jikoni, na sijapata kula mahindi matamu kama yale.

Curtis, miezi mitatu hukunipigia simu. Sina kinyongo, mwanangu. Ulikuwa unaitetea nyumba atakayorithi dada yako.

Sasa sikilizeni vizuri. Nyumba ni ya Noreen, na asiiuze mpaka ardhi ipimwe ionekane safi. Maji ya kisima msiyaguse. Gari na vifaa vyangu vyote ni vya Curtis, pamoja na ramani niliyoichora, iko droo ya juu. Wamechimbua mapipa kumi na mawili. Mawili bado. Nenda, simama kando ya katapila na ramani mkononi, wala asikuambie mtu kwamba yamekwisha mpaka uyahesabu mwenyewe kumi na manne. Niahidi... Eeh. Ahsante.

Nizikeni kando ya mama yenu. Burdette abebe jeneza, na magoti yakimkatalia, mpeni kiti cha mbele, kwenye safu ya familia.

Nimeridhika, wanangu. Tangu siku ile ya mkutano nalala usingizi mzito... kama mtoto. Mungu awape na nyinyi usingizi huo. Awape majirani wema... na watoto wa mji huu wacheze pale pekupeku...

Basi. Msiondoke. Nishikeni mikono tu... wote wawili... hapo hapo.